Mkono wa Kulia Una Kazi

Corradino D'Ascanio, mhandisi wa Kiitaliano aliyeibuni vespa, alikuwa hapendi pikipiki. Kwake yeye pikipiki ilikuwa chombo cha kuchafua suruali kwa grisi ya mnyororo na cha kumkalisha mtu roho juu, na tairi likipata pancha ndiyo safari imekwisha. Mwenyewe alikuwa mtu wa ndege na helikopta. Basi kampuni ya Piaggio ilipompa kazi baada ya vita, akaanza upya: mnyororo akautoa, injini akaifunika, gurudumu la mbele akalishika upande mmoja tu kwa mtindo wa ndege ili liwe jepesi kufungua, mbele ya miguu akaweka ngao, na gia akazipandisha mkononi. Hataza iliandikishwa tarehe 23 Aprili 1946. Katikati ya chombo akaacha uwazi, mtu apande bila kurusha mguu, wanawake na sketi zao, mapadri na majoho yao. Bila ya kujua alikuwa anatushonea na sisi wa kanzu huku Unguja. Simama Darajani siku ya Ijumaa utaona kanzu nyeupe zimekaa juu ya vespa kwa adabu zote, pindo halijagusa oili.

Alifikiria kila kitu yule bwana, isipokuwa kimoja. Hakuwahi kupita Mkunazini saa kumi na moja jioni, wazee wamejaa barazani na kahawa zao.

Tazama alivyogawa kazi. Mkono wa kulia umepewa mafuta na breki ya mbele. Wa kushoto umepewa klachi, na mpini wake ukiuzungusha ndipo zinapoingia gia zote. Mguu wa kulia unakanyaga breki ya nyuma. Uliobaki bila kazi ni mguu wa kushoto tu, na huo haujapata kumsalimia mtu akaitikia.

Mji wetu nao una sheria zake, kongwe kuliko za barabarani. Mkubwa hapitwi kimya. Ukimpita kimya leo, kesho mama yako ataulizwa sokoni kama kuna ugomvi. Na salamu ina mkono wake, nao ni wa kulia. Wa kushoto kazi yake inajulikana, na ukimpungia mzee kwa huo, habari itafika kwenu kabla yako. Kwa hiyo kila baraza ni mtihani: ama uwe na breki, ama uwe na adabu.

Sitii chumvi. Vespa ikienda kilomita 40 kwa saa, kila sekunde inakula mita 11. Salamu ya haraka, ya kuinua mkono na kuurudisha, haipungui sekunde mbili. Ile ya heshima, yenye kugusa kifua, ni tatu. Hapo umeshakwenda zaidi ya mita 30 bila breki ya mbele, na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, kwa sababu chombo kikisimamishwa uzito hukimbilia mbele, gurudumu la nyuma likabaki jepesi, na likibanwa peke yake linateleza tu. Wengi wanaiogopa ya mbele kwa ajili ya mchanga. Kwenye mchanga kweli usiiminye, utalala. Lakini kwenye lami kavu mwenye kutegemea mguu peke yake anasafiri kwa dua. Halafu magurudumu yenyewe ni ya inchi 10. Shimo ambalo bodaboda analipita bila habari, vespa inaingia, inatazama mandhari, ndipo inatoka.

Ndivyo nilivyofika kwenye meza ya ndizi. Kulikuwa na mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, ambaye salamu huipokea kwa utaratibu: kwanza akutambue, kisha akuitikie, kisha akuulize mama hajambo. Nilimwinulia mkono pale penye kona. Moto ukapungua, mpini ukabaki na mkono mmoja, na gurudumu la mbele likakuta jiwe la mtaro lililoinuka kidogo tu. Nilipofumbua macho nilikuwa chini ya meza ya ndizi mbivu, mkungu mmoja umenikalia kifuani, vespa imelala ubavu na bado inanguruma. Mzee akaja taratibu na fimbo yake, akainama, akanitazama mpaka akanitambua.

“Wa alaykum salaam,” akasema. “Mama hajambo?”

Nikamjibu hajambo, anakusalimu. Muuza ndizi naye akanihesabia zilizopondeka, pamoja na nyingine ambazo kwa rangi yake zilikuwa zimepondeka tangu asubuhi.

Baada ya hapo nilitafuta njia nyingine za kusalimu. Honi haikufaa. Kumpigia mzee honi barazani ni kumwambia aondoke njiani, na mmoja aliondoka kweli, na kikombe chake mkononi, akanilalamikia msikitini. Sauti pia haikufaa. Vespa za zamani zina kelele, na “shikamoo” ikitolewa kwa mwendo, mwanzo wake unabaki nyuma pamoja na moshi. Barazani wanapokea “moo” tu, na haiwezekani kuiitikia marahaba. Ikabaki kutikisa kichwa. Kichwa hakina breki wala gia, na kwa kweli ndiyo salamu salama kuliko zote, ila hapo nikaingia kwenye matatizo ya kofia.

Kofia ngumu niliyokuwa nayo ilikuwa ya kufunika uso mzima, kidevu ndani, kioo cheusi. Kwa usalama huwezi kuisema vibaya. Tatizo ni kwamba aliyeivaa hajulikani ni nani, na kichwa kisichojulikana kikitikisika mbele ya watu kinatia wasiwasi. Ami yangu akalifikisha suala hilo kwenye kikao cha familia. “Huyu mtoto,” akasema, “siku hizi kichwa kimemvimba.” Ukiipima ile kofia kwa utepe, alikuwa anasema kweli.

Nilijitetea kwa elimu. Nikamweleza kuwa mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia ngumu inapunguza hatari ya mwendesha pikipiki kuumia kichwa kwa kama asilimia 69, na ya kufa kwa asilimia 42. Ami akasikiliza mpaka mwisho, akanywa kahawa, akauliza: “Na katika hao waliopona, asilimia ngapi wanasalimia?”

Tukakubaliana kofia ya uso wazi. Inalinda kidogo kuliko ile, kidevu kiko nje kwa majaliwa, lakini uso unaonekana na kichwa kiko ndani, na kamba nimeifunga. Nasema kamba kwa makusudi. Wako wanaoivaa bila kufunga kamba, ikaruka yenyewe kabla yao. Wako wanaoitundika kwenye kiwiko, na ajali ikitokea kiwiko hakitapata hata mchubuko. Na wako wanaovaa zile za mafundi ujenzi, zilizotengenezwa kwa ajili ya tofali linalomwangukia mtu. Barabarani ni mtu ndiye anayeliangukia tofali. Hata ile ya kweli, ikishapigwa chini kwa nguvu mara moja, haifai tena ingawa nje inang'aa, kwa sababu kinachokulinda ni lile povu gumu la ndani, na likishabonyea halirudi.

Ijumaa ina mtihani wa ziada. Kofia ya kiua, iliyofuliwa ikatiwa wanga ikasimama, haikubali kukaa chini ya kofia ngumu, itatoka imekuwa chapati. Kwa bahati vespa yangu ina kisanduku nyuma ya ngao ya miguu, kina mlango na ufunguo. Humo naweka kofia ya kiua, pamoja na plagi ya akiba, kijiti cha kupimia na kitambaa cha fundi. Imamu wetu ana macho makali. Aliwahi kuniuliza, kwa upole kabisa, hii duara nyeusi hapa mbele ya paji ni mtindo mpya wa Pemba?

Huenda unafikiri basi mkono wa kushoto, kwa kuwa umekatazwa kusalimu, una nafasi ya kupumzika. Hata huo hauna. Pistoni ya vespa ya zamani haina oili yake peke yake, inategemea ile iliyochanganywa kwenye petroli, na kwa yangu ni mililita 20 kwa kila lita. Petroli ikiwa kavu, au ukiteremka mlima mrefu huku mafuta umeyafunga, pistoni inakosa oili, inapata moto, inanata. Injini ikijamu, gurudumu la nyuma linajifunga hapohapo, na chombo kinaanza kwenda ubavu. Dawa ni moja: minya klachi mara moja, gurudumu liachane na injini, kisha jiegeshe pembeni utulie. Mpwa wangu aliwahi kunijazia tangi kwa mapenzi tu, kunipunguzia kazi, petroli peke yake. Nilikuwa natoka Dole, barabara inateremka, upepo mzuri, nikasikia sauti ya chuma kukwaruza chini ya siti, kisha kimya, kisha mlio wa tairi. Vidole vilikuwa juu ya klachi, nikaserereka hatua chache na kusimama wima, mbele ya watoto wa skuli waliopiga makofi wakidhani ni mchezo nimeufanya makusudi. Fundi wangu wa Jang'ombe alipoifungua silinda, akanionyesha mikwaruzo iliyosimama kwenye pistoni, akapitisha ukucha juu yake ukagota. “Vidole viwili juu ya klachi,” akaniambia, “hata ukipita mbele ya Kadhi.”

Mpwa sasa anaruhusiwa kuosha tu.

Salamu ya kichwa nayo nikaizoea kupita kiasi. Kila anayeinua mkono namtikisia kichwa, simwangalii ni nani. Karibu na Amani nikamwona mtu mbele ameinua mkono juu, kiganja wazi. Nikamtikisia kichwa kwa heshima, nikapita. Baadaye nikasikia king'ora nyuma yangu.

“Nimekunyooshea mkono,” akasema trafiki.

“Nimekuitikia, afande.”

Akanitazama kwa muda. Akaomba leseni, akaomba bima, akazunguka chombo, akanikanyagisha breki aone kama taa ya nyuma inawaka. Kisha akaniuliza nakata kulia wapi, maana indiketa inanikatia kulia tangu aliponiona. Indiketa ya vespa haijizimi yenyewe ukishakata kona, inasubiri ukumbuke. Nilikuwa nimekata kulia Mwanakwerekwe, na tangu hapo nilikuwa nawaahidi watu kona nisiyokuwa nayo. Hilo, kwa wanaokufuata, ni baya kuliko kutokuwa na indiketa kabisa: mwenye gari nyuma yako anapita kushoto kwa imani, nawe uko kushoto. La salamu akanisamehe. La indiketa akaliandika.

Hayo yote lakini ni madogo. Mtihani wenyewe ulikuwa mama mkwe.

Kulikuwa na khitma Malindi, yeye yuko Fuoni, gari ya shemeji imelala kwa fundi, na daladala siku hiyo mama hazitaki, anasema zinamnyonga. Mke wangu akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, “Mama atakwenda na wewe.”

Abiria wa vespa ana mambo ya kuambiwa kabla hujapiga kiki. Akae kwa kuweka mguu huku na mguu huku. Amshike dereva kiunoni. Nguo zake zote azikunje na kuzikalia. Kwenye kona ainame pamoja na dereva, asijaribu kuinyoosha vespa kwa kuegemea upande wa pili. Haya, niambie, katika hayo ni lipi unaweza kumwambia mama mkwe uso kwa uso?

Nikamtuma mke wangu. Akaingia ndani, nikasikia mazungumzo, kisha kicheko kirefu, kisha akatoka na majibu. La miguu halizungumzwi. La kiuno pia halizungumzwi, na nisilirudie. La nguo amelikubali. Na la kona: “Mama anasema yeye kapanda vespa na marehemu baba wewe hujazaliwa, na hajapata kuanguka.”

Akakaa upande basi, miguu yote kushoto. Wataalamu hawapendekezi mkao huo, na wana haki, kwa kuwa anayekaa upande hana pa kujibana. Lakini kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo walau miguu ilielekea ukingo wa barabara badala ya magari yanayokuja, na fundi alikwisha kuchomelea kikanyagio upande huo kwa ajili ya wakwe wa mji mzima. Tairi la nyuma nilikuwa nimeliongeza upepo, maana la mtu mmoja halitoshi kwa wawili. Nikamkabidhi kofia ngumu ya mke wangu kwa mikono miwili, nikatazama pembeni. Nilipogeuka nikakuta anazitoa pini za ushungi zilizokuwa juu ya kichwa, moja moja, anazichomeka kwenye mkanda wa pochi yake. “Zitaniingia utosini ukinipiga breki,” akasema. Halafu akavaa kofia, akafunga kamba mwenyewe, akalikunja buibui likaingia chini ya paja mpaka halikubaki hata uzi wa kupepea, akashika mshikio wa nyuma ya siti. Sisi wengine tunajifunza hayo baada ya mtandio wa mtu kuingia kwenye gurudumu. Yule mama alikuwa mwanafunzi wa zamani.

Na kuna jambo moja linanifurahisha. Injini ya vespa imekaa upande wa kulia, kwa hiyo chombo siku zote kina tamaa ya kulalia kulia, na dereva bila kujijua anakaa kidogo kushoto. Mama alipotulia, miguu na pochi kushoto, vespa ikanyooka. Sikuwahi kuiendesha imenyooka vile.

Mwanakwerekwe tukapita polepole, mvua ya asubuhi imeacha tope na maganda ya mananasi. Kwenye kipilefti cha Michenzani nikakaza meno nikisubiri aegemee nje. Nikainama, akainama. Nikanyanyuka, akanyanyuka. Nikajua marehemu baba mkwe alikuwa dereva mzuri, au alikuwa na abiria mkali.

Tulipoingia sehemu za mjini, baraza zikaanza. Baraza ya kwanza nikajiandaa kutikisa kichwa, mara nikasikia sauti nyuma yangu, kubwa, ya mtu aliyezoea kuita watu arusini:

“Asalaamu alaykum! Huyu mkwe wangu, mikono yake ina kazi!”

Wazee wakacheka, wakaitikia wote kwa pamoja. Nikatazama kwenye kioo cha pembeni: mkono wa kushoto wa mama umekamata mshikio sawasawa, wa kulia uko hewani, hauna gia, hauna breki, hauna mafuta, unasalimu Unguja nzima. Abiria! Miaka yote hiyo ule mkono mtupu ulikuwa ukikaa pale nyuma, na hakuna aliyefikiria kuutumia.

Baraza ya pili akatoa pole ya msiba. Ya tatu akauliza mjukuu katoka hospitali, akaambiwa katoka, akashukuru. Kwenye duka la vitambaa akaagiza awekewe doti mbili, atapita Jumatatu. Wale waliokuwa wakisema nimevimba kichwa sasa wananipungia mimi, nami nimekaza macho barabarani, mikono miwili kwenye mpini, vidole viwili juu ya klachi. Raha yake huijui mpaka uipate.

Tatizo likawa mwendo. Mazungumzo ya mama yanahitaji gia ya pili, na kwa baadhi ya watu gia ya kwanza. Alikuwa na pete ya fedha, na kila nilipojaribu kuingiza ya tatu aliigonga kofia yangu mara mbili kwa nyuma, ko, ko, na mlio wake ndani ya kofia ni wa kumwamsha maiti. Tukafika Darajani na msururu nyuma yetu: daladala mbili, gari la ng'ombe lenye ng'ombe mwenye haraka zake, na vijana wa bodaboda wanaopiga honi. Ng'ambo ya pili muuza samaki alikuwa ameanza kujibu habari za nyumbani kwake, na ana watoto wengi.

Ko, ko.

“Taratibu, mwanangu,” akasema mama. “Hajamaliza kuitikia.”